Nimetafutwa na kampuni kubwa ya teknolojia: nianze usaili au nibaki nilipo?

Mbezi_Seva

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua kazi hii kwa ndani.

Afisa wa kuajiri wa moja ya zile kampuni kubwa za Marekani ameniandikia LinkedIn. Nafasi ni ya msanidi programu upande wa seva, kituo Nairobi, na amesema Nairobi ikishindikana wanaweza kunitazamia London. Nina miaka 5 ya kuandika programu kwa Java na Kotlin kwenye mifumo ya malipo ya simu, niko Dar, mshahara TSh 3,800,000 kabla ya makato, na bado nadaiwa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Nina mke anayefanya kazi na mtoto wa miaka 2.

Nataka kujua: maandalizi ya usaili yanakula muda gani kwa mtu mwenye kazi ya kutwa, na wengi wanaangukia wapi? Ofa ikija na hisa, hesabu yake inapigwaje? Nairobi au London? Na hizi habari za kupunguza watu maelfu kwa mkupuo, zinibadilishe mawazo?

Nilipo sasa hakuna tatizo kubwa, ndiyo maana nasita.

Fundi wa Seva

Mkuu, tenganisha mambo mawili: kukubali usaili na kukubali kazi. La kwanza halikufungi. Unaweza kupita hatua zote, ukapewa ofa, ukaikataa kwa barua ya mistari mitatu na mlango ukabaki wazi. Kwa hiyo swali la leo ni dogo kuliko unavyolibeba: una saa 10 kwa wiki, kwa wiki 12? Ukiwa nazo, anza. Kama huna, mwombe afisa asogeze mbele miezi miwili au mitatu. Hilo ni ombi la kawaida kwao na halikupunguzii kitu. Kinachoumiza ni kuingia mikono mitupu, maana ukianguka, nyingi ya kampuni hizi zitakusubirisha miezi 6 hadi 12 kabla ya kukuruhusu kujaribu tena.

Kabla ya yote, hakikisha ni wao kweli. Barua pepe itoke kwenye anwani ya kampuni yenyewe, si Gmail, wala jina linalofanana lililochomekwa kistari. Nafasi uione kwenye ukurasa wa ajira wa kampuni ikiwa na namba yake. Akitajwa mtu wa kulipwa chochote, iwe fomu, vipimo au "kushughulikia viza", achana naye. Halafu muulize afisa waziwazi: mkataba nitasaini na kampuni yenyewe au na wakala? Wako watu wengi wanaokaa jengo moja na waajiriwa wa kampuni lakini mkataba wao ni wa wakala, wa muda, bila hisa. Kazi yenyewe inaweza kuwa nzuri, ila hesabu zote zitakazoandikwa hapa chini hazitakuhusu.

Mtiririko wa usaili unafanana: simu ya dakika 30 na afisa, kisha mtihani wa mtandaoni au usaili mmoja wa dakika 45, kisha duru kuu ya usaili 4 au 5 ndani ya siku moja au mbili. Tofauti ziko mwishoni. Google hupeleka maoni ya wasaili kwa kamati ya kuajiri ambayo haijawahi kukuona, na mara nyingi timu unatafutiwa kivyake, kwa hiyo unaweza kufaulu na bado ukasubiri wiki nyingi. Amazon kuna msaili anayeitwa Bar Raiser, anatoka nje ya timu inayoajiri na neno lake linaweza kukuzuia. Tena kila msaili wa Amazon anakuja na maswali juu ya zile kanuni zao 16 za uongozi. Waandishi wazuri wa programu wengi wanazidharau hizo kanuni na zinawaangusha. Andaa matukio 8 hadi 10 ya kazini, kila moja: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini WEWE (si "sisi"), na matokeo kwa namba.

Maandalizi ya kiufundi: maswali 100 hadi 150 ya mazoezi ya kuandika programu yanatosha, ukiyafanya kwa utaratibu. Dakika 30 kwa swali. Ukikwama, soma jibu, lifunge, andika upya kutoka kichwani. Rudia baada ya siku 3, rudia tena baada ya siku 10. Anza na safu, mifuatano ya herufi na ramani za heshi, kisha foleni na rundo, utafutaji wa nusu kwa nusu, miti, grafu, mwisho ule utatuzi wa kugawa tatizo na kutunza majibu madogo. Usianze na huo wa mwisho, ndio unaokatisha watu tamaa wiki ya pili.

Mfano mmoja. Una namba 200,000 za miamala, taja ya kwanza ambayo haijajirudia. Anayekurupuka anaandika kitanzi ndani ya kitanzi: hiyo ni milinganisho makumi ya mabilioni. Aliyejiandaa anapita mara ya kwanza akihesabu kila namba kwenye HashMap (ndiyo ile ramani ya heshi: inatunza kila namba pamoja na hesabu yake), anapita tena kwa mpangilio uleule akitafuta ya kwanza yenye hesabu 1. Hatua 400,000, basi. Kisha msaili anakaza: na kama miamala inamiminika bila kikomo na huwezi kurudi nyuma? Hapo unahitaji kumbukumbu ya namba zilizokwisha kuonekana, pamoja na foleni ya zile zilizoonekana mara moja tu, unazoziondoa pindi zinapojirudia. Alama nyingi ziko kwenye hilo swali la pili. Anayelimaliza la kwanza kwa dakika 35 halifikii.

Dakika 45 zigawe hivi: 5 za kuuliza (orodha ina ukubwa gani? inaweza kuwa tupu? namba ni herufi au tarakimu?), 8 za kueleza njia na gharama yake kabla ya kuandika, 20 za kuandika, zinazobaki pitisha mfano mdogo kwa mkono, mstari kwa mstari. Makosa yanayoangusha ni yaleyale: kunyamaza dakika kumi, kuanza kuandika kabla ya kuuliza, na kusema "nimemaliza" bila kujaribu orodha tupu. Jingine: mara nyingi unaandika kwenye ukurasa wa kawaida usiokamilisha majina wala kuonyesha makosa. Mtu aliyelelewa na kihariri kama IntelliJ, kinachomkumbusha kila kitu, anasahau hata jinsi ya kupanga orodha. Wiki nne za mwisho fanyia mazoezi kwenye Notepad.

Usaili wa usanifu wa mfumo ndipo miaka yako 5 inapolipa. Ombi la malipo limetumwa kwa mtandao wa simu, jibu limepotea njiani: unafanya nini? Ukieleza kwamba hutumi tena kabla ya kuuliza hali ya muamala, kwamba kila ombi lina ufunguo wa pekee unaozuia mteja kukatwa mara mbili, na kwamba usiku kuna ulinganishaji wa daftari lako na la mtandao, umeshazungumza lugha yao. Ongeza tu namba: maombi mangapi kwa sekunde, hifadhidata moja inabeba kiasi gani, utaigawa kwa kigezo gani.

hesabu_kwanza

Nachukua swali la pesa.

Ofa ina vipande vinne: mshahara wa msingi, bonasi ya mwaka, bonasi ya kujiunga, na hisa. Afisa atakujumlishia vyote akupe namba moja nene. Ipokee, kisha ipasue. Matumizi ya nyumbani yapangie mshahara wa msingi peke yake, baada ya makato.

Uanzie ulipo. Kama 3,800,000 yote ni msingi: NSSF 10% ni 380,000. Inayobaki, 3,420,000, inatozwa kodi: 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi milioni moja, yaani 854,000. Unabaki na 2,566,000. Bodi ya Mikopo 15% ya msingi ni 570,000. Mkononi: TSh 1,996,000. Hiyo ndiyo ya kulinganisha, si 3,800,000.

Kenya, chukua namba ya mfano KSh 600,000 (nasema mfano, usiende kumnukuu afisa). Bima ya afya ya SHIF 2.75% ni 16,500, tozo ya nyumba 1.5% ni 9,000, NSSF elfu chache. Kinachobaki kinatozwa kwa ngazi: 10% ya 24,000 za kwanza, 25% ya 8,333 zinazofuata, 30% mpaka 500,000, 32.5% mpaka 800,000, na 35% juu ya hapo. Mwisho wa safari mkononi kuna kama KSh 400,000. Deni la Bodi halibaki Namanga. Mwajiri wa Kenya hatakukata, lakini linaendelea kuwa lako, kwa hiyo omba kumbukumbu namba na ulipe mwenyewe kila mwezi.

Sasa hisa. Unaahidiwa thamani kwa dola, tuseme 40,000 kwa miaka 4. Inageuzwa kuwa idadi ya hisa kwa bei ya siku za kuanza kazi, na kuanzia hapo idadi ndiyo iliyofungwa, thamani inapanda na kushuka na soko. Hisa haziwi zako mpaka zikomae, na ratiba ya kukomaa inatofautiana sana. Ratiba inayojulikana ya Amazon ni 5% mwaka wa 1, 15% wa 2, kisha 40% na 40%. Kwa dola 40,000 ni 2,000, halafu 6,000, halafu 16,000 mara mbili. Pengo la miaka miwili ya mwanzo wanaliziba kwa bonasi ya kujiunga. Meta wamekuwa wakigawa sawasawa kila robo mwaka. Google wamekuwa wakitoa sehemu kubwa zaidi miaka ya mwanzo. Kwa hiyo ofa mbili zenye jumla ileile zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kwa mtu atakayeondoka baada ya miezi 20. Dai ratiba kwa maandishi.

Siku hisa zinapokomaa, thamani yake inahesabika kuwa mapato ya ajira na inakatwa kodi hapohapo, kwa kawaida kwa kuuza sehemu ya hisa zenyewe. Kwa mfano wetu, hisa za dola 2,500 zikikomaa mwezi mmoja juu ya mshahara wa KSh 600,000, sehemu yake inaangukia kwenye 35%. Watu wanashtuka kila robo mwaka kama vile wameibiwa, kumbe ndiyo ngazi ya kodi.

Mambo mawili ambayo afisa hatakwambia kwa sababu si kazi yake. Kwanza, Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo gawio la hisa za kampuni ya Marekani linakatwa 30% kulekule, hata ukijaza fomu W-8BEN. Ijaze hata hivyo, inathibitisha kwamba wewe si mkazi wa Marekani. Pili, na hili ni zito: mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki akiwa na mali za Marekani zinazozidi dola 60,000, hisa zikiwamo, kinachozidi kinaweza kutozwa kodi ya mirathi inayofika 40%. Usirundike hisa miaka sita kwenye akaunti ya dalali. Zinapokomaa, uza, pesa peleka kwingine.

Kuna sababu nyingine ya kuuza. Hisa ya Meta ilipoteza karibu theluthi mbili ya thamani ndani ya mwaka 2022, na mwaka huohuo wakapunguza watu. Mshahara na akiba vikiegemea nguzo moja, vinaanguka siku moja. Ndiyo, 2023 hisa ileile ilipanda karibu mara tatu. Lakini aliyepunguzwa Novemba 2022 alikuwa na kodi ya nyumba ya Desemba.

La mwisho: bonasi ya kujiunga na gharama za kuhama zina kifungu cha kurudisha. Ukiondoka kabla ya miezi 12, wakati mwingine 24, unarudisha sehemu. Uliza kama ni kwa kujiuzulu tu au hata ukiachishwa, na kama unarudisha kiasi cha kabla ya kodi au ulichopokea. Usiitumie yote mwaka wa kwanza.

Dada wa Nyali

Kaka Mbezi, juu ya Nairobi niongeze machache.

Vituo si sawa kwa uzito. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi cha Afrika mwaka 2019, Nairobi na Lagos. Google ilitangaza kituo cha kutengeneza bidhaa Nairobi mwaka 2022. Mei 2024 Microsoft ikapunguza wahandisi wa Lagos, Nairobi ikaendelea. Kituo cha mbali na makao makuu kinaweza kuguswa kwa uamuzi ambao hauhusu kabisa ubora wa watu waliomo. Kwa upande mwingine, huduma ya EC2 ya Amazon (ya kukodisha seva mtandaoni), ambayo nusu ya mifumo unayoijua inaegemea, msingi wake ulijengwa Cape Town. Kwa hiyo jina la mji halikwambii kitu. Uliza timu inamiliki nini. Huduma nzima inayoingiza pesa, au vipande vinavyoletwa kutoka makao makuu, Redmond na Mountain View? Timu inayomiliki huduma nzima, pamoja na meneja wake papo hapo Nairobi, ina mizizi. Yenye meneja mmoja ng'ambo na watu wanne Nairobi haina.

Ukifika hatua ya kuongea na meneja, muulize: timu ina watu wangapi na wangapi wameondoka mwaka huu? Zamu ya dharura ni wiki moja kati ya wiki ngapi, na usiku simu inalia mara ngapi? Vikao vya kila wiki ni saa ngapi za huku? Saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani ni saa mbili usiku Nairobi, na kipindi chao cha baridi ni saa tatu. Ukiwa na mtoto wa miaka 2, vikao vitatu kwa wiki vya saa hizo vinakula ndoa.

Kibali cha kazi bado kinahitajika hata kwa Mtanzania, Jumuiya au si Jumuiya. Kinaombwa na mwajiri, na kazi haianzi kabla hakijatoka. Mkeo ndiye wa kumfikiria mapema: pasi ya mtegemezi Kenya haimruhusu kufanya kazi. Naye atahitaji mwajiri na kibali chake. Familia ya mishahara miwili inageuka ya mshahara mmoja, na hiyo hesabu watu huiona wakiwa wameshalipa amana ya nyumba Kilimani. Nyumba ya vyumba vitatu Kilimani au Westlands iwekee KSh 100,000 kwenda juu, na amana mkononi siku ya kwanza.

Kuhusu kupunguzwa: sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja, pamoja na malipo yasiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Kwenu Tanzania ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa mwaka, hadi miaka kumi. Kampuni kubwa mara nyingi hutoa zaidi ya sheria, ila usipange maisha kwa hisani.

Mpwani_Thames

London, kwa ufupi.

Viza ni ya Skilled Worker, na tangu Julai 2025 kima cha kawaida cha mshahara ni paundi 41,700 au kile cha kazi husika, kinachozidi kati ya hivyo. Kampuni kubwa hazishindwi hapo. Zinapotofautiana ni ada ya afya: paundi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, 776 kwa mtoto, na inalipwa yote mbele. Watu watatu kwa miaka 5 ni 14,230. Uliza kama wanailipia familia nzima au wewe tu. Mkeo ataruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote, tofauti na Nairobi.

Mshahara wa paundi 75,000 unakupa kama 4,500 kwa mwezi kabla ya pensheni. Toa 2,000 au zaidi za pango, toa chekechea ya kutwa ambayo peke yake inaweza kupita 1,500. Mwaka wa kwanza hautaweka akiba ya maana mpaka mkeo aanze kazi. Ukipunguzwa, Idara ya Uhamiaji ikishafupisha viza yako kwa kawaida unabaki na siku 60 kupata mdhamini mwingine, na malipo ya kisheria ya kupunguzwa hayakuhusu mpaka utimize miaka 2 kazini.

Nyaraka zinazochelewesha: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA (wakala wa usajili wa vizazi), cheti cha ndoa, kipimo cha kifua kikuu kwenye kituo kilichoidhinishwa, na uthibitisho wa Kiingereza. Shahada yako kama ilifundishwa kwa Kiingereza inaweza kuthibitishwa kupitia Ecctis, taasisi ya Uingereza ya kutambua vyeti vya nje, badala ya kufanya mtihani. Anza na pasipoti ya mtoto.

Marekani moja kwa moja kutoka Dar usiitie kwenye hesabu. Viza ya kazi ya H-1B ni bahati nasibu ya nafasi 85,000, na Septemba 2025 maombi mapya ya walio nje yaliongezewa ada ya dola 100,000. Njia iliyonyooka zaidi ni L-1: mwaka mmoja mfululizo kwenye ofisi ya nje ya kampuni hiyohiyo, ndipo wakuhamishe.

Mzee wa Daftari

Wote wamezungumzia pesa na karatasi. Mimi naongelea kazi yenyewe.

Ulipo sasa, nadhani unagusa kila kitu: unaandika programu, unaipandisha kwenye seva, unaongea na mtandao wa simu, unasoma kumbukumbu za makosa usiku. Huko utapewa kipande chembamba cha kitu kikubwa mno. Mabadiliko ya mistari 40 yanapitiwa na wenzako wawili, yanarudi na maoni 15, yanapanda kwa asilimia moja ya watumiaji kwanza. Kama hujawahi kuona mfumo unaohudumia mamia ya mamilioni ya watu, hiyo ni shule ambayo hakuna chuo kinachoitoa. Miaka miwili ya kuandika hati za usanifu zinazosomwa na watu wakali itakubadilisha.

Lakini zana zao nyingi ni za ndani. Google wanaendesha programu zao juu ya mfumo wao wa ndani uitwao Borg, Amazon wana mifumo yao ya kujenga na kupandisha programu. Ukitoka, hivyo vinabaki mlangoni. Mtu akikaa miaka 5 bila kugusa Kubernetes, PostgreSQL au kitu chochote cha nje, soko la nyumbani litamwona mgeni. Dawa ni kuchagua timu ambayo maarifa yake yanabebeka: malipo, hifadhidata, mitandao, usalama. Epuka timu ambayo kazi yake ni kuhamisha kitu cha ndani kwenda kitu kingine cha ndani.

Kuhusu kupunguza watu: Januari 2023 Google ilitangaza 12,000, Microsoft 10,000, Amazon 18,000, na Meta ilishapunguza 11,000 Novemba kabla yake. Wengi walikuwa na tathmini nzuri kabisa. Kwa hiyo bidii haikukingi. Kinachokukinga ni akiba ya miezi 6 ya matumizi, iliyo nje ya hisa za kampuni. Kama huna hata miezi 3 leo na una wategemezi, mimi ningekuambia jiandae na fanya usaili, lakini ofa ya kuhama na familia nzima iombee tarehe ya kuanza ya mbali, miezi 3 au 4.

Na kama mradi ulio nao sasa unaelekea kukupa nafasi ya kuongoza usanifu wote ndani ya mwaka huu, umalize kwanza. Hilo ni sababu ya kweli ya kubaki, na usaili ujao utaingia nalo. "Hakuna tatizo kubwa" si sababu.

Mbezi_Seva

Wakuu, shukrani sana. Nimeongea naye leo. Mkataba ni wa kampuni yenyewe, timu ni ya malipo, meneja yuko Nairobi. Mawili yamebaki: amesema kwa uzoefu wangu huenda wakaniweka ngazi ya kuanzia badala ya ile ya kati, na anataka nimtajie mshahara ninaotarajia kabla ya Ijumaa. Nimjibu nini?

Fundi wa Seva

Timu ya malipo yenye meneja hapohapo Nairobi ni habari njema kuliko zote. Endelea.

Ngazi ni kubwa kuliko mshahara, maana mshahara, hisa na bonasi zote zinafungwa ndani yake, na kupandishwa kutoka ngazi ya kuanzia kunaweza kuchukua mwaka na nusu au miwili. Amazon ngazi ya kati inaitwa L5, Google L4, Microsoft 61 na 62, usizilinganishe kwa namba. Kwa miaka 5 una haki ya kuiomba ya kati. Mwambie akupangie usaili wa ngazi hiyo tangu sasa, pamoja na ule wa usanifu wa mfumo. Wasaili wakiona haukufikia wanaweza kukushusha baadaye. Kukupandisha kutoka usaili wa ngazi ya kuanzia ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu swali la usanifu huenda hata halikuulizwa. Wakikushusha, bado unaweza kukubali kama mshahara wa msingi peke yake unafunika hesabu ya nyumbani, ikiwamo miezi ambayo mkeo hana kibali.

Mshahara usiutaje, wala wa sasa wala wa kutarajia. Ukisema 3,800,000 za Tanzania umejifungia chumbani. Muandikie hivi, ukigeuza kwa Kiingereza chako:

"Asante kwa mazungumzo ya leo. Nimesimamia mifumo ya malipo kwa miaka 5, ikiwamo usanifu na uendeshaji wake, kwa hiyo naomba nifanyiwe usaili wa ngazi ya kati. Kuhusu mshahara, ningependa kwanza kujua kiwango cha chini na cha juu mlichopanga kwa ngazi hiyo Nairobi, na ratiba ya kukomaa kwa hisa. Naomba usaili wa kwanza uwe baada ya wiki 10."

Akisisitiza, rudia ile sentensi ya mshahara kama ilivyo. Ofa ikija, omba nyongeza mara moja tu na kwa kitu kimoja. Bonasi ya kujiunga ndiyo wanayoiongeza kwa urahisi, mshahara wa msingi ndio unaobana. Ukiwa na ofa nyingine mkononi, itaje. Ukiwa huna, usiibuni. Na barua ya kuacha kazi isiandikwe mpaka mkataba umesainiwa, uchunguzi wa historia yako umekamilika na kibali kimetoka. Ukiwa umeajiriwa kwa mshahara wa mwezi, notisi ya kisheria Tanzania ni siku 28, lakini soma mkataba wako, inaweza kuwa ndefu zaidi.

Mwaliko wa kalenda ukija, soma saa mara mbili. Wakiandika 2:00 PM GMT, kwako ni saa kumi na moja jioni. Siku hiyo laptop iwe imejaa chaji tangu asubuhi na simu ya mtandao mwingine iwe na bando pembeni, umeme wa Mbezi unaujua.